Masikio Yaliyoondolewa Pichani

Evalyne Mutindi alifukuzwa kazi kwa kosa moja tu: picha ndogo aliyoiweka kwenye tovuti, ilipoguswa, ilifunguka ikawa kubwa na kuonyesha ukweli. Hakuiba. Hakuchelewa kazini wala hakumtukana mteja. Alinyang'anywa simu ya ofisi langoni, mbele ya wapakiaji waliozoea kumtania, akaambiwa asionekane tena katika yadi ile ya mifugo iliyo kando ya barabara, kati ya Kitengela na Isinya. Waliomtendea hayo wangali wanauza ng'ombe, na tovuti yao ingali hewani. Ndiyo maana habari zake lazima zisimuliwe.

Mutindi alilelewa Mashuuru na wazazi Wakamba. Baba yake, mzee Mwololo, alifanya kibarua katika shamba la maua hadi kifua kikamshinda. Binti huyo alimaliza sekondari, akapata kazi katika saiba moja ya Kitengela, duka la huduma za intaneti, na wakati wenzake walipokuwa wakipiga soga, yeye alijifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Bwana Mbithi, mwenye yadi, alipomwajiri ampigie ng'ombe picha na kuwatangaza, nyumbani kwao walimshukuru Mungu kwa sala ndefu.

Alijua anawafanyia kazi akina nani. Mfugaji aliye Ewuaso Kedong hana data ya kuchezea. Ukurasa ukibeba picha kubwa za ng'ombe wote kwa pamoja, simu yake itaganda kabla hajaona hata pembe. Kwa hiyo Mutindi alipanga picha ndogo ndogo, kila moja kama stempu, na nyuma ya kila ndogo akaweka picha kamili. Ukimtaka ng'ombe fulani, unamgusa, naye peke yake anafunguka na kujaza kioo.

Tena aliweka sharti: katika picha kamili, masikio yote mawili yaonekane. Mnunuzi wa nyama hutazama mapaja. Mmaasai hutazama masikio, kwa sababu kila ukoo hukata masikio ya mifugo yake kwa namna yake, na mkato huo husomeka kama jina la mwenye mali.

"Mutindi, unapigia ng'ombe passport?" wapakiaji walimcheka.

"Ndio, na wewe toka hapo nyuma yake, nisikuuze kwa kilo."

Sharti hilo ndilo lililomfikisha Ruth kwenye yadi. Ruth ni mjane wa Ewuaso Kedong. Baada ya ukame, alibakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi, aliyeitwa Narok. Maziwa yake yalikuwa chakula cha watoto, na yaliyozidi yaliuzwa ili Purity, bintiye mkubwa, abaki shuleni. Narok aliibwa malishoni. Asubuhi moja Purity alikuwa akipitia tovuti ile, akaona stempu moja nyeusi. Akaigusa.

"Yeyo, mama, njoo uone! Hii si Narok?"

Ruth aliishika simu kwa mikono miwili. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili chini, la kulia lina tundu. Marehemu mumewe ndiye aliyeyakata.

"Ni yeye," alisema. "Leta leso yangu."

Walifika yadi jua likiwa limepanda. Bwana Mbithi aliwapokea kwa tabasamu pana na salamu ya Kimaasai.

"Takwenya, mama!"

"Iko," Ruth aliitikia kwa Kimaasai. "Nimekuja kwa sababu ya ng'ombe yangu nyeusi. Iko hapa kwako."

"Mambo ya ng'ombe hayaongelewi na tumbo tupu. Umetoka mbali. Kwanza chai."

Hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi. Ruth ni mtu wa adabu. Kwao mgeni hakatai chai, wala hasemi shida yake huku kikombe kiko mkononi. Aliketi, akanywa, akajibu maswali kuhusu mvua na hali ya watoto. Na wakati alipokuwa akiitunza heshima ya mwenyeji wake, mwenyeji huyo alikuwa ameshatuma neno nyuma ya yadi. Mutindi, aliyeyasikia yote akiwa mezani pake, aliliona lori likitokea lango la nyuma kuelekea kichinjioni. Juu ya ubavu wa lori ulionekana mgongo mweusi.

Aliinuka. "Mama, weka kikombe chini! Ng'ombe yako inaenda!"

Ruth alikimbia hadi barabarani na leso ikamdondoka. Vumbi tu ndilo lililobaki. Aliporudi, Mbithi alikuwa amekunja mikono.

"Ng'ombe nyeusi ni nyingi Kajiado hii, mama. Utazikimbilia zote?"

Mutindi aligeuza kompyuta, akaigusa stempu nyeusi, na Narok akajaza kioo, masikio yote mawili mbele ya kila mtu. Ruth akayaonyesha kwa kidole, akilia bila sauti.

"Funga hiyo kitu," Mbithi aliamuru. "Na hizo picha zingine zote, kata vichwa. Zisifunguke tena. Masikio hayaliwi."

"Bosi, sitakata."

"Basi utakatwa wewe."

Hivyo ndivyo alivyotolewa langoni. Kufikia jioni mtu mwingine alikuwa ameshaifanya kazi aliyoikataa Mutindi.

Kesho yake wanawake hao watatu walikwenda kituo cha polisi. Purity hakuwa ameihifadhi picha kamili; alidhani kilichowekwa mbele ya dunia nzima hakiwezi kuondolewa. Afisa aliifungua tovuti, akaigusa ile stempu. Haikufunguka. Akaivuta kwa vidole viwili, nayo ikatawanyika vipande vipande visivyo na umbo. Picha ndogo haiwezi kuzaa kile isichokibeba, na yeyote aliyewahi kuvuta picha kwenye simu anajua hilo. Afisa pia alijua. Hata hivyo alicheka.

"Hii ni ng'ombe ama ni gunia ya makaa?"

"Nilimpiga picha mimi mwenyewe," Mutindi alisema. "Niliyaona masikio."

"Wewe si umefutwa jana? Utasema nini kingine?"

Leo Narok ameshaliwa. Purity amekaa nyumbani. Ruth anawapa watoto chai ya rangi. Mutindi anachambua maua katika shamba lilelile lililommaliza baba yake, na kila anapoomba kazi ya mtandao huulizwa kwa nini aliachishwa ya kwanza. Tovuti ile inaendelea kuuza ng'ombe wasio na vichwa, na hakuna mwenye mamlaka aliyeuliza vichwa vilikwenda wapi.

Kwako, afisa uliyecheka: iandike kesi ya Ruth, umwite dereva wa lori aseme alibeba nini. Kwenu mnaowapa wenye yadi vibali: mwenye yadi asitangaze mnyama yeyote ambaye picha yake haifunguki ikaonyesha masikio. Na kwako, Bwana Mbithi: mlipe mjane huyu ng'ombe wa maziwa, umrudishe Mutindi mezani pake. Wala usiseme picha imepotea. Imo ndani ya simu ya ofisi uliyomnyang'anya langoni, ile aliyompigia Narok picha. Itoe.