Mia Nne Waliohama na Irakoze Wangu

Joselyne wa mtaa wa Okolona hana maneno mengi. Mchana anafunga maboksi ghalani, jioni anasoma kompyuta chuoni, na akisema kitu ujue ameshakihakikisha. Mimi Margareta maneno ninayo, ndiyo maana nasimulia mimi.

Mwaka 2015 kanisa letu hapa Louisville, Marekani, lilikuwa na orodha ya waumini kwenye kompyuta, kila mtu na picha yake. Tuliwaandika hata waliofia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujaja huku. Mwanangu Irakoze, aliyefia huko akiwa na miaka sita, alikuwemo. Picha yake ya karatasi iliharibika bomba lilipopasuka nyumbani, ikabaki ile ya humo tu.

Jumamosi moja kompyuta ikagoma kupokea majina mapya: diski imejaa. Mzee Reginaldi, katibu wetu, akawafuta wote waliohamia miji ya Columbus na Buffalo. Watu mia nne! Diski ikabaki imejaa vilevile.

"Basi tufute na marehemu," akasema. "Hao hatuwaiti kwenye mkutano."

Weee! Nilisahau kabisa kwamba tuko kanisani. "Mzee, ukimgusa Irakoze wangu, mimi na wewe tutaonana wabaya!"

Joselyne akainuka kutoka benchi la nyuma, bado kavaa fulana ya kazini. "Mzee, usifute mtu mwingine. Nafasi ipo."

"Ipo wapi, binti yangu? Nimefuta mia nne!"

"Kompyuta imeweka alama tu kwamba mistari yao ni mitupu. Jedwali la majina bado limeishikilia nafasi yote. Si unakumbuka kambini? Familia ikipanda ndege kuja huku, kiwanja kilibaki na namba yake mpaka wapimaji wapite upya. Ngoja nilipange."

"Na ukiharibu?"

"Siharibu."

Kwanza akanakili kila kitu kwenye kompyuta yake, akaiweka pembeni. Kisha akasema kompyuta italiandika jedwali jipya kwa mistari iliyobaki, ndipo itupe la zamani, kwa hiyo inahitaji pa kuandikia. Akahamisha kwa muda nyimbo zote za kwaya zilizokuwa kwenye diski hiyo, akaandika amri ya mstari mmoja, akatukataza kugusa chochote.

Dakika arobaini. Mzee Reginaldi akaniletea chai. Chai gani saa ile! Niliiacha ikapoa, na Joselyne amekaa anakula njugu zake.

Mwishowe akageuza kioo tuone. Zaidi ya nusu ya diski ilikuwa wazi.

"Na mtoto?" nikauliza.

Akaandika jina. Irakoze akatokea, pengo mbele, shati nililomfungia vifungo kombo kwa haraka asubuhi ya kupigwa picha. Nililia, sikuona aibu. Mzee Reginaldi alivua miwani, akasogea kumtazama mtoto.

Joselyne akauliza kama nataka picha ya karatasi.

"Toa mbili," nikamwambia. "Moja yangu. Nyingine mzee aibandike juu ya hiyo kompyuta yake."

Akaibandika kwa mkono wake mwenyewe.