Mugeni wa Lukafu mu Hesabu ya Utalii

Mbele ya kusema kazi, niseme kwanza bata ya baba yangu. Batoto bangu bananikatazaka kuanzia mbali, lakini kama sianzie kwa ile bata, sijue naanzia wapi.

Baba alitumikaka ku reli. Mwenzake mumoja alipohama alimuachia bata mukubwa mweupe, ya shingo murefu, yenye haikuogopaka muntu. Imbwa yetu ilikuwa inalala muchana yote, bata njo ilikuwa inalinda lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Siku moja ikatoka ku mulango, ikamuuma jirani yetu, bwana mumoja wa suruali ya kupiga pasi, mwenye kila asubui alikuwa anapita na sakoshi ya ngozi. Ikamuuma ku tako, suruali ikapasuka. Mama alikimbia mu nyumba kwenda kuchekea kule. Baba hakucheka. Alimuambia ule bwana: huyu kijana yangu atakubebea sakoshi mupaka utapona.

Nilikuwa mukubwa tayari. Masomo niliachaka ku primere, nilikuwa natembea bule mu Kamalondo, mutaa yetu ya Lubumbashi. Basi nikabeba sakoshi. Bwana akapona, akaanza kuikala vizuri ku kiti, na mi nikaendelea kubeba. Hakuna mwenye aliniambia niache. Njo vile niliingiaka mu kazi ya Leta, ya serikali.

Ule bwana alikuwa Shefu wa Biro, ku biro ya utalii ya provense. Siku ya kwanza yenye alinifungulia mulango, nilikuta meza mbili, foto ya maporomoko ya maji ku ukuta, na kabati yenye haikufunga. Aliniuliza kama najua kuandika namba. Nikasema ndiyo. Kisha akaniuliza:

"Unajua kuuliza muntu habari yake bila kumukasirisha?"

"Ile sijue, Shefu."

"Ile njo kazi yenyewe."

Alinieleza kazi siku ile, na mi nikasema nimesikia, lakini sikusikia. Leta ilitaka kujua utalii inaleta nini mu inchi. Shaba, alisema, banaipima ku mizani. Mahindi banaihesabu ku mifuko. Utalii haina mizani, juu si kintu kimoja. Mugeni anakula mukate, na we unakula mukate. Ni mukate mumoja, ya furu moja ya kuchomea. Mwenye kuuzisha hajue gani ilikuliwa na mugeni. Basi huwezi kuuliza mwenye mukate, unapashwa kuuliza muntu mwenye anakula: unatoka wapi, unalala wapi, unakula nini, unarudia lini. Kisha unakusanya mikate ya bageni bote, na bitanda byabo, na motokari zabo, unabiweka pembeni ya hesabu ya inchi. Bakubwa banaitaka konte ya pembeni. Mi mupaka leo nikiona mukate naangalia sawa iko na kintu inanificha.

Kisha Shefu akanituma Kipushi, ku mupaka. Pale njo nilipoteaka kabisa. Kitabu kilisema mutalii ni muntu mwenye anatoka fasi yake ya kila siku, anaenda fasi ingine, na hakuna mwenye anamulipa kule kwa kazi. Kama analala, ni mugeni wa kulala. Kama halale, ni mugeni wa kupita. Vizuri. Lakini ku Kipushi bamama banavuka kwenda Zambia asubui na banarudia mangaribi, kila siku ya Mungu. Fasi yabo ya kila siku ni wapi? Nilisimamisha mama mumoja, muuzishaji wa bitenge, mwenye alikuwa na mafurushi ku kichwa na ku mugongo. Nikamuuliza sawa vile karatasi inasema, kama safari yake ni ya utalii.

Akaniangalia. "Papa, mutalii ni ule anapumuzika. Mi tangu asubui sijapumuzika. Andika vile."

Bale bengine mu mustari bakacheka. Kesho yake akapita tena, mikono mitupu, nywele ya kusuka mupya, akasimama mbele yangu yeye mwenyewe. Alisema leo anaenda kuona dada yake, atalala kule, kwa hiyo leo nimuandike mutalii, tena vizuri. Nikamuandika. Nilifurahi, juu alikuwa wa kwanza mwenye aliomba. Lakini usiku nikawaza: ni mama mumoja, barabara moja, jana hakuwa kintu, leo ni mutalii. Ni nywele?

Nilirudia Lubumbashi, bakanitembeza ku otel. Kule ilikuwa nyepesi, juu benye otel banaandika bageni. Kisha ikakuya mambo ya bilio, ya matanga. Muntu anakufa Kamalondo, ndugu banatoka Likasi, Kolwezi, hata Zambia, banalala mu lupango juma nzima, banakula, bananunua bitenge ya namna moja. Nilimuuliza Shefu kama bale nabo ni batalii.

"Banatoka mbali?"

"Ndiyo, Shefu."

"Banalala?"

"Kidogo, juu banaimba."

"Andika."

Nikaenda na karatasi yangu ku kilio kimoja. Tantine mumoja, mama muzee sana, akauliza huyu papa anaandika nini pale. Banamuambia ni hesabu ya utalii. Akafikiri, akasema: "Basi andika na maiti, naye iko anasafiri." Nilicheka ku kilio ya bantu, nikaona haya. Sikuwaza hata kidogo kama alisema uongo. Nafikiri mupaka leo, ile maiti tungeiweka mustari gani.

Shefu wa Biro alizeeka, akaenda. Akakuya Madamu Direktrise, mukubwa mupya wa biro, mwenye alisomaka mbali, mwanamuke wa sauti ndogo na heshima mingi. Kwake njo nilisikia mara ya kwanza kama bageni bengi ba hii inchi habalale mu otel, banalala kwa ndugu. Alisema tukihesabu otel peke yake, tunaacha inchi yote inje. Basi akaanzisha kazi ya kuingia mu manyumba. Tunaandika mapango, namba ya kila kiwanja, ku bikaratasi, tunachagua bila kuangalia, na nyumba yenye inatoka tunaenda kuiuliza. Na kulikuwa sheria moja: hakuna mwenye anauliza nyumba yake mwenyewe, juu atajipendelea.

Sasa nifike ku Yaya Donat.

Yaya Donat ni ndugu yangu mukubwa, njo maana namuita Yaya, mutoto wa kwanza wa mama. Yeye alirudiaka kwetu Lukafu, mu kijiji, akalima, na kila mavuno alikuwa ananitumia mahindi na lori, hata miaka yenye mwenyewe hakupata mingi. Batoto bangu balikomaa na ile mahindi. Bibi yake, muke wake, alipokufa, jicho yake ya kuume ikaanza kufunikwa. Nikamuleta kwangu Kamalondo, ku lopitali. Banamutengeneza jicho, ikapona. Na yeye akaikala. Asubui alikuwa anatembea kusalimia bashoni ba barabara yetu, mangaribi anapiga miguu kidogo, kutembea tu, kisha anakula bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo ya Mama Bea, bibi yangu, mwenye alikuwa anamupikia bila chumvi mingi.

Nilikuwa nataka kintu kimoja tu: Yaya azeekee kwangu. Sikumuambiaka. Kwetu muntu haambiwe ikala, anaikala. Na haulizwe unaenda lini. Ile swali ukimuuliza mugeni, ni sawa unamufungulia mulango na mukono. Na mi, muone, kazi yangu mwaka nzima ilikuwa kuuliza bantu ile swali.

Siku ya kuchagua, lupango yangu ikatoka. Benzangu banacheka. Juu ya ile sheria, Madamu akasema atakuya yeye mwenyewe. Sikuogopa. Niliona ni heshima, Direktrise mu nyumba yangu. Mama Bea alipangusa biti. Madamu akafika, akaomba siye tutoke, abaki na mugeni. Tukaikala inje chini ya dirisha, tunachambua maharagi.

Alimuuliza vizuri, na Yaya alijibu vizuri, sauti ya muntu mwenye anapenda kuongea. Nini anakula, nani anamulipia transpore. Kisha akamuuliza fasi yake ya kila siku ni wapi.

"Lukafu," Yaya akasema.

"Na ulilala kule mara ya mwisho lini, Papa?"

Yaya akacheka kidogo. "Mvua haikuwa imeanza. Si ya huu mwaka. Ile ingine."

"Basi mwaka umepita. Kwa sheria yetu, muntu mwenye anapitisha mwaka fasi moja, kwake ni pale. Nakutoa mu bageni, nakuweka mu bantu ba hii nyumba."

Inje, nilimufinya Mama Bea mukono. Nilisikia furaha mingi. Nilisema mu moyo: Leta imesema kintu chenye mi sikuweza kusema.

Mu nyumba Yaya akauliza, pole pole: "Na Lukafu nani anaikala kule?"

"Kwa hii karatasi, si weye, Papa."

"Mama, bibi yangu tulimuzika kule. Shamba yangu iko kule. Mi ni muntu wa Lukafu. Hapa niko mugeni kwa ndugu yangu."

"Hakuna ubaya. Kama uko mugeni, niandike utarudia lini."

Mama Bea aliacha maharagi. Mu ile nyumba, tangu tuliijenga, hakuna mwenye aliulizaka vile.

"Andika leo," Yaya akasema.

Madamu alicheka, aliwaza ni mchezo. Alitoka, akatupa mukono, akasema mukubwa wangu ni muntu wa kufurahisha sana. Si muntu mubaya, Madamu. Aliuliza sawa vile alifundishwa, na vile nilifundishwa mi pia.

Niseme ya pansio sasa, juu kisha sitakuwa na nguvu ya kuisema. Miezi michache kisha ile siku, niliachaka kazi. Balinipatia mukono, na limonade. Bijana benye banafanya ile kazi leo na telefone banakuyaka kuniuliza namna tulikuwa tunahesabu. Nabaonyesha yote: bageni ba kulala, ba kupita, mukate. Lakini bakiniuliza mutalii ni nani, najibu nusu, kisha nasikia napotea. Niliendaka Lukafu kumuona Yaya. Alifika kule salama, analima, jicho ni muzuri. Alinichinjia kuku, akanipatia mukeka ya muzuri, akanilalisha mu chumba cha mbele. Mu kijiji yetu wenyewe alinifanya mugeni. Sikumuuliza kintu, naye hakuniuliza narudia lini. Mama Bea anasema hatukumukosea, ilikuwa tu wakati wa kulima. Mutoto wangu mumoja anasema muzee alichoka na kelele ya muji. Mi sijue. Siku zingine naona alikasirika juu banamuita mugeni. Siku zingine naona alikasirika juu banakataa kumuita mugeni. Najaribu kupanga ile mambo mu mistari, haipangike.

Mangaribi ya ile siku Madamu alikuya, Yaya alitoka vile alikuwa anatoka kila mangaribi. Alivaa kofia yake, akakamata mufuko mudogo. Mama Bea akamuambia bukari inakaribia kuiva. Akajibu anaenda kupiga miguu. Nilikuwa nimeikala ku mulango, nikasogeza kiti yangu apite. Akaniwekea mukono ku bega, akapita. Alisalimia bashoni, mumoja mumoja, na majina yabo, akazunguka ku kona, na hakurudiaka.