Bunduki ya Mjomba na Posa ya Dada

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa herufi nitakazokosea, shule niliishia la saba na naandika polepole kama konokono, lakini aibu hii nikiisimulia kwa mdomo naishia katikati, bora niiandike.

Siku hiyo kwetu Chamazi walikuja washenga kumposa dada yangu Mwajuma, na dada alikuwa na wasiwasi mpaka kakonda (posa ya kwanza ilivunjika, majirani wakasema weee mpaka wakachoka), kwa hiyo mie nikapewa kazi moja tu, kufukuza kunguru wasiibe nyama. Mawe hawaogopi. Mjomba Sefu, aliyetoka Kimbiji, akanipa bunduki yake ya upepo aliyoinunua bei ya kutupa, mbaya jamani, kitako kimefungwa mpira wa baiskeli, mtutu una kutu kama bomba la choo.

"Inakwenda kulia shubiri nzima," akaniambia. "Miaka yote iko hivyo. We lenga kushoto."

Basi kunguru mmoja akatua ukingoni mwa bati la baraza, juu ya washenga kabisa, na kushoto kwake, shubiri moja hivi, kuna kiota cha nyigu ambacho baba kila siku anasema atakichoma. Ningemwacha tu (hakuwa na hata mfupa mdomoni), ila wasichana wa jikoni walikuwa wananitazama, mmoja akasema, "Huyo hata mluzi hapigi." Nikalenga kiota katikati, kwa akili zangu zote, ili nimpate kunguru.

Paa! Kiota kikadondoka mkekani, kwenye sahani ya tende. Kunguru akanitazama tu.

Nyigu wakatoka, washenga wakatoka. Mzee msemaji wao kakunja kanzu mpaka magotini, mdomo umeshavimba, anapiga kelele njiani, "Kama hamtaki kutuoza si mseme!"

"Mzee wangu, rudi, hatujajibu bado!" baba anamwita.

"Mmeshajibu!"

Ndani dada analia, "Hamisi, umeniua!" Nikaona niwakimbilie niombe radhi, mie nisiyeweza kuongea mbele za watu, na bunduki nimesahau kuiacha, ikawa kila nikiita "Shikamooni, ngojeni!" wao wanaongeza mbio. Nilichoka! Mwishowe nikaitupa, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema habari yote ya shubiri na kushoto.

Mzee akaiokota bunduki, akaweka kifuu cha nazi juu ya ukuta, akalenga kifuu chenyewe. Paa, kifuu chini. Akarudia, chini tena.

"Mbona inapiga sawasawa? Nani kakwambia inakwenda kulia?"

Wote tukamgeukia mjomba, aliyekuwa ametufuata anahema, mjomba huyo huyo anayekataa miwani anasema ni ya wazee. Kumbe inayokwenda kulia si bunduki, ni yeye!

Mzee akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki. "Nirudisheni nikale pilau kabla huu nao haujaziba."

Baba, kwa aibu, akaikubali posa kabla watu hawajakaa.

Dada kaolewa, ila picha za siku ile washenga wote wana nyuso kama maandazi, na kila akiziona ananinunia upya. Mie nimeapa, silengi tena kitu nisichotaka kukipiga, hata aseme nani.

Nanyi mliowahi kuharibu shughuli ya ndugu yenu, niandikieni, mniambie alikuja kusamehe lini, maana nikienda kwa dada mpaka leo ananipakulia ukoko.