Salamu Nilizowapa Wakorea Maungu

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wale wauza nyanya wa barabarani, maana wao wanaongeza chumvi: mimi, mzee mzima, mvi kichwani, koti la harusi ya binti yangu mwilini, niliwatishia kifo wageni kutoka Korea waliokuja kutuletea maji hapa Maungu. Kwa maikrofoni.

Kosa si langu peke yangu (mke wangu anasema ni langu peke yangu). Nina rafiki mzungu, Danko, mwigizaji, lakini haigizi kwao, anaigiza Korea, kwenye sinema na tamthilia zao za runinga, na kila akimaliza kazi anakuja kupanga chumba karibu na kwangu ili atazame ndovu wa Ndara, kana kwamba ndovu ni kitu cha kufuatwa, na sisi tunaomba Mungu watuachie mahindi. Kiswahili chake kinatosha kuombea chai. Jioni alikuwa akifanya mazoezi ya maneno yake, ananikalisha kwenye stuli, ananizunguka polepole, ananishika bega, anatabasamu kama padri siku ya mavuno, halafu anamwaga Kikorea.

"Unasema nini hapo?" nikamuuliza.

"Mimi tajiri. Nyumba kubwa. Wageni wanaingia, mimi nasema hivi."

Basi, nikatosheka. Shule niliiacha darasa la tatu, ningeuliza nini tena? Niliyasikia yale maneno mpaka nikayashika kama Baba Yetu. Na Maungu nzima ilijua nina rafiki staa. Walijuaje? Niliwaambia. Kila siku.

Sasa chifu akaita kikao, akasema Wakorea wanakuja kuona kama watuchimbie kisima sisi ama wapeleke kwingine. Maji yetu ni ya madumu, na goti la Mama Mghoi, mke wangu, limekwisha kwa kuyabeba. Yeye ndiye akina mama waliyemchagua azungumze. Mimi sikuchaguliwa na mtu. Lakini chifu akauliza, "Hakuna hata mmoja wa kuwasalimia kwa lugha yao?" na mkono wangu ukapanda.

"Baba Mghoi," mke wangu akanong'ona, "shusha huo mkono."

Ningeushusha, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Siku ikafika, hema, kwaya, soda, wageni wamekaa mbele na kofia zao, mkubwa wao mama mmoja mzee. Nikapewa maikrofoni. Ningeweza kuyasema palepale nikakaa, lakini Danko huyasema akizunguka, kwa hivyo na mimi nikamzunguka yule mama polepole, nikamshika bega, nikatabasamu, nikayatoa maneno yote. Soda yake ikasimama hewani. Kijana wao akaruka kutoka kitini. Nikajua yamewaingia, nikarudia kwa sauti zaidi.

Chifu anapiga makofi: "Mkalimani, tafsiri, nasi tufaidi!"

Mkalimani, binti wa Voi, akamtazama chifu, kisha mimi. "Mzee anasema... karibuni. Humu hatoki mtu akiwa hai. Mkipiga kelele, nitaanza na mama."

Chifu akavua kofia kama tuko makaburini. Nami bado nilikuwa nimemshika bega.

Mama Mghoi akaja na goti lake, akaninyang'anya maikrofoni. "Huyu ni mume wangu. Hata kuku wanamshinda. Amefundishwa na mzungu wa sinema zenu, na hajui alichosema. Tunaomba maji, msituhukumu kwa huyu."

Nikatoa simu haraka, nikawaonyesha picha ya Danko, nikingoja washtuke kwa jina kubwa. Yule mama akaitazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Anasema anamjua," mkalimani akatuambia. "Ni yule mzungu anayeuawa mapema kila sinema."

Staa wangu!

Kisima kilichimbwa, si kwa hotuba yangu. Siku ya kukifungua, yule mama alikuja, akamkabidhi mke wangu bomba alifungue, kisha akaniona nimejificha nyuma ya kwaya, akainua mikono yote miwili juu kama mateka. Watu wakajifunza hapo hapo.

Danko amepiga simu, ana sinema mpya, anataka mazoezi. Nimemwambia stuli akalie yeye, na neno ambalo sijaelezwa maana yake halitoki tena kinywani mwangu, hata liwe la kuombea chai. Maji siku hizi nachota mimi (hiyo ni hukumu ya Mama Mghoi, haina rufaa), na nikitokea tu na dumu langu, foleni nzima ya akina mama inainua mikono juu, inanipisha.

Angalau sipangi foleni.