Marahaba Bila Shikamoo

Miaka ile niliendesha basi dogo la hoteli moja kule Herndon, Marekani, kwenda uwanja wa ndege na kurudi, siku nzima, na nilikuwa na kinyongo na kila binadamu mwenye sanduku. Nyumbani kwangu Riverdale Park nilikuwa na chumba kitupu cha juu, na mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Tanga kunitembelea miezi mitatu na sasa alikuwa anaingia mwaka wa pili.

Mturuki nilimwokota kazini. Sina neno jingine. Alikuwa amesimama nje ya milango ya uwanja wa ndege na begi moja la michezo, na mtu aliyeahidi kumpokea hakutokea. Nilipomwambia apande, alikunja shingo, akakunja mgongo, halafu akakosa pa kupeleka miguu, ikabidi alale kwenye kiti chote cha nyuma. Akanihadithia akiwa amelala hivyohivyo: alikuwa amecheza mpira wa kikapu wa kulipwa kwao miaka kumi na miwili, timu sita, na sasa amekuja kujaribiwa na timu ndogo iliyofanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja karibu na Bladensburg. Si ile ligi ya kwenye televisheni. Hii ni ligi ambayo nusu ya mashabiki ni wake za wachezaji. Kocha alimpa majuma mawili. Jumamosi ya pili kungekuwa na mechi, na baada yake angeambiwa abaki au afungashe. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna timu nyingine iliyokuwa inamtaka. Nikampa chumba cha juu.

Asubuhi ya kwanza mama alikuwa jikoni na chai yake. Mturuki akashuka ngazi, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Marahaba."

Mama akaweka kikombe chini.

Kwetu mdogo ndiye anayeamkia kwa shikamoo, mkubwa ndiye anayeitikia marahaba. Kijana kuanza na marahaba mbele ya bibi wa miaka sabini ni kama kumnyooshea miguu akuvue viatu.

"Wewe umemwamkia?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Mimi nimemwamkia?"

"Hapana."

"Basi anaitikia nini?"

Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu aliona hajibiwi, masikini, akasema mara mbili, tena kwa sauti. Mama akaona anadaiwa shikamoo ndani ya nyumba ya mwanawe, akaacha kumwekea chai. Mimi nikasema labda kajifunza Kiswahili kidogo, akakishika upande usio wake. Mama akasema kuna watu wanajua kuchagua cha kujifunza.

Siku ya tano nilimkuta anashuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama mkate wa bofulo. Akaniomba nisimwambie kocha. Nami nilijua dawa iko jikoni, imenuna. Mama yangu kwa kukanda hana mpinzani. Kule Tanga wacheza kandanda waliletwa kwake kwa baiskeli wakaondoka kwa miguu yao. Nikaenda kumbembeleza.

"Nimkande mimi?" akasema. "Akakandwe na wadogo zake, hao wanaomwamkia."

Nilikasirika, nikabamiza mlango wa friji, na mlango wa friji haubamiziki vizuri, kwa hiyo nikazidi kukasirika. Mtu anakaribia kufukuzwa kazi ya maisha yake kwa sababu ya salamu!

Jumapili alitaka zeituni, nikampeleka duka la Waturuki upande wa Virginia. Akaingia mzee mwenye kofia akasema marahaba. Mwenye duka akajibu marahaba. Akaingia mwanamke na mtoto, na yule mtoto wa miaka kama mitano akamtazama mzee machoni, akamwambia marahaba. Nikangoja kofi. Mzee akampa peremende.

"Hilo neno maana yake nini?" nikamwuliza Mturuki wangu.

"Merhaba? Ni hujambo tu."

Nilicheka mpaka mwenye duka akaja kuangalia kama kokwa ya zeituni imenikwama kooni.

Nyumbani nikamweleza mama, akanisikiliza mpaka mwisho. "Taifa zima?"

"Taifa zima, mama."

"Na shikamoo anasema nani?"

"Hakuna anayesema."

Aliwaonea huruma kweli. Kisha akaagiza mafuta ya nyonyo.

Jioni ile tulimkalisha kwenye kochi, mguu wake ukavuka sebule ukakaribia televisheni. Mama akakaa chini, akaushika kwa mikono miwili. Mturuki naye, kwa adabu zake zote, akasema, "Merhaba."

"Hapo sawa," akasema mama. "Leo nimemshika mguu kweli, acha aitikie."

Alimkanda kila jioni, na uvimbe ukashuka. Ijumaa, akiwa anakanda, akaniambia kwa sauti ya chini bila kuinua macho, "Goti hili limekwisha, mwanangu. Mfupa unasaga mfupa. Mwambie aache."

Mturuki akanitazama. "Anasemaje?"

"Anasema unaendelea vizuri."

"Mbona umesema maneno machache?" mama akauliza.

"Kiingereza ni kifupi, mama."

Sijivunii. Niliogopa uso wake.

Jumamosi tukaenda wote. Mama alivaa buibui ndani ya koti langu la baridi, na kila Mturuki alipogusa mpira alimwambia "Taratibu!" kwa sauti iliyogeuza vichwa vya waamuzi. Kocha alimwingiza robo ya mwisho. Hakuruka hata mara moja. Alisimama mbali akawa anatupa tu, kama mtu anayetupa nguo chafu kwenye tenga, na mipira mitatu ikaingia mfululizo. Mechi ilipokwisha kocha akamshika mkono, akamwambia abaki.

Tulipofika nyumbani aliubusu mkono wa mama, akauweka kwenye paji la uso wake. Mama akapendezwa, akasema kumbe malezi anayo. Halafu Mturuki akanigeukia. "Mwambie asante kwa goti jipya."

Nikamwambia. Mama akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

"Hukumwambia," akasema. "Mwambie sasa hivi, nikisikia."

Nikamwambia yote, la mfupa kusaga mfupa, na kwamba nilikuwa namdanganya. Nilijiandaa kutukanwa Kituruki. Alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, akanyoosha mguu.

"Daktari wa kwetu aliniambia mwaka jana," akasema. "Na wa pili pia. Kule kila kocha analijua goti langu, ndiyo maana nimekuja huku." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Muulize limebakiza mechi ngapi."

Mama akachuchumaa kwa shida, akalikunja lile goti, akalinyoosha, akalikunja tena, kiganja chake juu yake.

"Tatu," akasema.

Nikatafsiri tatu. Akatikisa kichwa kukubali, akashukuru, nikaona alikuwa ametegemea pungufu ya hapo.

Alicheza zote tatu, nasi tulikwenda zote. Baada ya ile ya tatu alimwambia kocha mwenyewe kwamba anaacha, akavua viatu palepale ukumbini, akapanda kwenye viti vya watazamaji kwa soksi kumfuata mama. Wakashuka wameshikana, yeye akidhani anamsaidia bibi, mama akijua nani anamshikilia nani.