Pipa Nililompa Mama Mkwe

Nawaandikia wenzangu wa kambi ya wafanyakazi hapa shambani, hasa walioniona nikirudi kutoka Uru, juu mlimani, wiki iliyopita nikapita bila kusalimia. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikwenda kwenye misa ya mwaka ya marehemu mke wangu, Veronika, na nimerudi na jambo ambalo kwa mdomo linanishinda. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia.

Wengi mnajua kwamba Vero alizikwa kwao. Mimi ni mtu wa Singida, huku sina hata hatua moja ya ardhi, na mama yake aliniomba binti yake alale kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, walipolala babu zake. Nikakubali. Kwa hiyo nikitaka kumwona mke wangu, sharti nipande mlima.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi niliondoka kambini na sukari, mishumaa na shati jeupe. Funguo za stoo ya dawa nilimwachia msimamizi. Miaka sita sasa hiyo ndiyo kazi yangu hapa shambani: kupokea dawa za mahindi, kuzitoa, na kutoboa vyombo vikibaki vitupu ili mtu asivitumie tena.

Saa mbili na nusu nilikuwa Moshi mjini. Shemeji yangu Aloyce, kaka yake Vero, alikuwa amenipigia simu nimnunulie dawa ya kahawa, nikaingia duka moja la pembejeo karibu na soko. Muuzaji alikuwa anamimina kitu cheupe kama maziwa kutoka kwenye dumu kubwa kwenda kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mteja wake, mama wa makamo, alikuwa anauliza maswali.

"Hii ya kahawa, nikiipiga kwenye nyanya haina shida?"

"Mama, dawa ni dawa."

"Na kuku wangu wana utitiri."

"Weka kidogo kwenye maji, uwapake."

Akafunga kizibo. Ile chupa ilikuwa bado na karatasi yake, picha ya mlima na maneno ya maji safi. Mama akaitia kwenye kikapu, juu ya mkate.

Mimi nimeshika dawa miaka sita, na nilijua chupa ile inaweza kumuua mtoto. Hata hivyo sikumwonya yule mama. Wala sikununua, na si kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Foleni ilikuwa ndefu.

Saa nne bodaboda ilinishusha Uru, pale njia inapokuwa tope tupu na dereva akakataa kuendelea. Nikatembea kufuata mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji ya mlimani kutoka nyumba hadi nyumba. Kando yake palikuwa na shamba la kabichi, na mwanamume kifua wazi alikuwa ndio amemaliza kupulizia. Akashusha pampu mgongoni, akaizamisha kwenye mfongo, akaitikisa, akamwaga. Maji yakageuka meupe, yakashuka.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, karibu."

"Hayo maji huko chini hawanywi?"

"Wanakunywa. Ila hii si dawa, naosha pampu tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Hatua chache chini yetu mwanamke alikuwa ameinama anaosha mchicha. Nilikimbia nikamwambia asubiri. Aliniangalia mimi, akaangalia maji. "Yatapita tu," akasema. Akangoja kidogo kwa heshima yangu, kisha akaendelea kuosha.

Saa tano na nusu nilifika kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, ile supu ya ndizi na nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko tambarare mnakula nini?"

"Ugali, mama."

"Ndiyo maana."

Aloyce akatokea nyuma ya nyumba. "Shemeji, dawa yangu iko wapi?"

"Sijaleta."

"Mtu wa stoo ya dawa kuja mikono mitupu! Ni kama padri kusahau hostia." Akacheka, akanishika mkono. "Njoo nikuonyeshe kwa nini nina hasira mwaka huu."

Akanipeleka kwenye mizinga yake mitatu. Jirani amelima nyanya, na asubuhi hiyo alipulizia zikiwa kwenye maua. Chini ya mizinga nyuki walikuwa wametapakaa kama ulezi uliomwagika. Wengine walikuwa bado wanatingisha miguu. Niliinama nikamwokota mmoja, hakuwa na uzito wowote. Mizinga yenyewe ilikuwa kimya, na ukimya ule uliniingia kwa sababu nimewahi kuusikia ndani ya nyumba yangu.

"Basi," alisema Aloyce. "Njoo uonje kitu kizuri."

Tukaingia kwenye kibanda wanapotengenezea mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Bila mbege watu hawajamkumbuka marehemu, wamesali tu. Akachukua kata, akafunua majani ya mgomba yaliyofunika chombo. Kilikuwa pipa la plastiki la bluu, na ubavuni lilikuwa bado na kipande cha karatasi yenye fuvu.

Hilo pipa nililitoa mimi. Miaka miwili nyuma Vero alinililia kwamba mama yake anachoka kuchota maji, na stooni lilikuwepo pipa tupu, zuri, lenye mfuniko. Nilitakiwa kulitoboa. Nikaliosha kwa sabuni mara tatu, nikalipandisha huku, nikamwambia mama mkwe liko safi, halinuki. Aliniombea baraka.

"Shemeji, usinywe," nikamwambia Aloyce.

"Kwa nini?"

"Lilikuwa la dawa."

"Tunajua. Tulilisugua kwa majivu na mchanga. Nusa."

Nikanusa. Lilinuka mbege tu, tamu na changa.

"Harufu inatoka, dawa haitoki. Plastiki inainywa. Tulifundishwa."

"Ulifundishwa kabla ya kutuletea au baada?"

"Kabla."

Aloyce akarudisha kata, akakaa juu ya gunia la ulezi. Akaanza kuongea chini chini. Kesho nusu ya waumini wa kigango watakuwa hapa. Mbege ya mwaka wa Vero imwagwe, tena na mkwe? Siku moja haitaua mtu. Wakimaliza kunywa, pipa tutalitupa korongoni. Mama asijue.

Nilitaka kumkubalia. Nawaambia ukweli, nilitaka sana. Mkwe anakaa vizuri akiwa kimya, na mimi mlima ule ni mahali pekee ambapo bado naitwa mume wa mtu.

Saa tisa nilimfuata mama kihambani. Alikuwa anang'oa majani kwenye kaburi la Vero, akiyaweka kwenye aproni yake. Nikapiga magoti upande wa pili, nikang'oa mawili matatu, nikamwambia yote. Pipa lilitoka wapi, nilitakiwa kulifanya nini, na kwamba nilijua.

Hakuinua uso. Aliendelea kung'oa mpaka akafika miguuni.

"Vero alipokuwa amelala hapa nyumbani akiumwa, ule mwezi wake wa mwisho," akasema, "maji yake tulikuwa tunachota wapi?"

"Humo pipani, mama."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Sijui. Figo zilianza kumsumbua kabla ya pipa. Daktari hakusema chanzo, na mimi sikuuliza. Sijui, mama."

Mama akakung'uta aproni. "Kesho utasimama uwaambie watu kwa nini hakuna mbege. Uwaambie kama ulivyoniambia. Na hiyo 'sijui' nayo uiseme. Usiiache."

Jioni ile, kabla jua halijazama, tulilitoa pipa nje. Aloyce kwa mazoea akaliinamisha kuelekea mfongo. Mama akamzuia kwa mkono. "Nyuki wako hukuwaona?" Tukachimba shimo kwenye kona yenye mawe, pasipo mgomba wala maji, tukamwaga humo. Kama pale ndipo panapofaa, hilo nalo sijui. Hatukuwa na pengine. Halafu mama akaniletea msumari mrefu na nyundo, akasimama kuangalia nikitoboa lile pipa.

Jumamosi misa iliisha saa nne. Watu wakaja, wakakaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wakaanza kutazama kibandani. Nikasimama. Sauti yangu ni ndogo, lakini walinisikia, kwa sababu nilipofika kwenye kumwaga mbege, mabenchi ya nyuma yalinguruma.

"Huyu mkwe wa tambarare," akasema mzee mmoja, "mahari alikuja na mbuzi aliyekonda, leo amekuja kumwaga mbege." Watu wakacheka, na mimi nikashukuru kwamba wamecheka.

"Mwacheni amalize," alisema mama mkwe.

Nikamaliza. Nikasema na ile sijui. Hapo hakuna aliyecheka.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nipite kambini bila kusalimia. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango, binamu yake Vero, aliuliza kama dumu la njano lenye karatasi ya fuvu nalo lina shida ile ile. Nikamwambia ni ile ile. Akasema yeye alilinunua sokoni, mjini, linauzwa limeoshwa kabisa, na humo huhifadhi mafuta ya kula. Mwingine akasema anawekea maziwa. Mwingine, mama kijana, akasimama na kukaa, kisha akasimama tena. "Mimi mwanangu alikuwa na chawa," akasema. "Si inaitwa dawa? Nikampaka ile ya shambani kichwani, nikamfunga kitambaa. Alitapika siku nzima. Nikafikiri ni malaria, nikashukuru chawa wameisha."

"Sasa yuko wapi?" nikauliza.

"Anacheza pale."

Mtoto alikuwa mzima, anakimbizana na wenzake. Lakini mimi nikakaa chini kwenye majani. Miaka sita nimeandika neno hilo kwenye daftari la stoo, dawa imeingia, dawa imetoka, na sikuwahi kulisikia kama alivyolisikia yule mama.

Watu walikunywa chai ya maziwa na kula mtori. Kabla ya kuondoka, wengine walirudi majumbani mwao wakaleta vyombo. Hakuna aliyewaagiza. Mpaka saa kumi uani palikuwa na madumu kumi na moja na mapipa mawili. Aloyce alikuwa anashika, mimi natoboa. Yule mzee wa mbuzi alileta lake la mwisho, akaniambia, "Polepole, meku, usije ukatoboa na kidole," na kuitwa meku, jina wanalomwitia mtu mzima wa kwao, nilikuwa sijawahi.

Jumapili asubuhi niliaga. Mama mkwe hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alinifungia mkungu mdogo wa ndizi, akanisindikiza mpaka kwenye mfongo. Pale akasimama akaangalia maji yanavyoshuka. "Wale wa juu yetu," akasema, "nitawaendea mwenyewe kesho."

Saa tisa nilifika kambini. Nilipita katikati ya nyumba zetu na kwa mara ya kwanza niliangalia kilichokaa mlangoni kwa kila mtu: mapipa ya stoo, yamejaa maji. Ndiyo maana sikusalimia.

Nilichojifunza ni kidogo na nilikuwa nimeshafundishwa: kwamba chombo kisichonuka kinaweza kuwa na sumu ile ile, na kwamba kitu tunachokiita dawa hakimtibu mtu yeyote. Jumatatu nilimweleza msimamizi kuhusu pipa la Uru na mengine yote niliyoyatoa bila kutoboa. Ameninyang'anya funguo, sasa nipo kwenye palizi. Ni haki.

Msumari na nyundo ninavyo. Jumapili baada ya kanisa nitakuwa nje ya chumba changu. Atakayeleta pipa lake sitamuuliza alilipata wapi. Mengi niliyatoa mimi.