Nilivyomuua Msichana wa Treni

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka saba alipoletwa kuishi nasi Kimara, mie na mama. Nilikuwa nachapa na kutoa kopi kwenye kibanda cha stesheneri Mwenge, na kwa kuwa pale palikuwa na intaneti, kila Ijumaa nilimletea katuni kwenye flashi. Moja ilimteka kabisa: msichana anaendesha treni iliyojaa wanyama, wanavuka jangwa kutafuta maji. Sehemu ya pili iliisha treni ikiwa imening'inia darajani.

Kila Ijumaa nilipoingia tu mlangoni, shikamoo yake ilifuatwa na swali lile lile.

"Shangazi, imetoka?"

"Bado."

Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia. Nyuma ya madaftari yake alichora namna za kuiokoa treni: kamba, ndege wengi, tembo akivuta kwa mkonga. Alinionyesha kila mchoro, nami nikaitikia huku nikichezea simu.

Ijumaa moja nilirudi kichwa kinaniuma, mteja amenitukana mbele ya watu. Akauliza. Nikamjibu, "Haitoki tena. Treni ilianguka, yule msichana akafa. Wenyewe waliona watoto watalia, wakaacha kutengeneza."

Akanitazama. "Na wanyama?"

"Na wanyama."

Kesho yake mama aliniuliza nani amefariki, maana mjukuu wake kamwomba wasome dua. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikacheka, nikasema ni mambo ya katuni tu. Jioni nikamkuta mama anawasha jiko la mkaa kwa ile michoro. Mtoto mwenyewe ndiye aliyempa.

Hakuniuliza tena Ijumaa yoyote. Aibu zaidi ni kwamba nilifurahia ule utulivu.

Alikuwa kidato cha kwanza siku mama mmoja alipokuja kibandani nimchapishie picha ya keki ya bethidei ya mwanawe. Kwenye picha alikuwa yule msichana, mzima, ameegemea treni yake. Akaniambia sehemu ya tatu imetoka. Nikaipakua, nikaenda nayo nyumbani.

Nilimkuta anajisuka mbele ya kioo. Nikamwambia, "Ile katuni ya treni imetoka. Nilikudanganya, mwanangu. Hakufa."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Niliambiwa shuleni nikiwa darasa la tano, kwamba bado wanaitengeneza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nikawasha kompyuta. Akaja kukaa karibu yangu, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kumjulia mgonjwa hali. Treni ilipokuwa inavutwa kutoka darajani alikuwa anasoma meseji kwenye simu ya bibi yake. Kisha akainuka. "Shangazi, ngoja nianue nguo, mvua hiyo."

Hakurudi. Nikaimalizia peke yangu. Hakuwahi kuniuliza iliishaje, nami sijathubutu kumwambia.